Kura Isifutwe kwa Kalamu Moja

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kumwondoa kiongozi tuliyemchagua wenyewe. Kila gavana anapotajwa kwa ubaya hapa Kenya, utawasikia abiria katika matatu wakisema, "Si aondolewe leo leo!" Nakiri kwamba maneno hayo yamewahi kunitoka na mimi. Lakini nikikumbuka tulikotoka, naona afadhali njia ya kumwondoa iwe ndefu.

Mwaka 1983 Serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi. Madiwani waliopigiwa kura walirudi nyumbani, na mahali pao wakaketi makamishna wa kuteuliwa. Mpiga kura hakuulizwa neno. Alikaa bila diwani wake mpaka 1992. Huenda katika madiwani wale walikuwamo wabovu. Lakini mbovu na mwema walifagiwa kwa ufagio mmoja.

Katiba ya 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zimeweka utaratibu mwingine. Gavana haondolewi kwa kuwa hapendwi tu. Lazima iwepo sababu: kuvunja sheria vibaya, kushukiwa sana kwa jinai, kutumia cheo vibaya, au kushindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili. Theluthi moja ya wajumbe wote wa bunge la kaunti waunge mkono hoja kwanza, kisha theluthi mbili waipitishe. Hata hapo bado yumo kazini. Shauri huenda Seneti, ambako ana haki ya kujitetea, na maseneta ndio huamua. Asiporidhika, mlango wa mahakama uko wazi.

Je, utaratibu huu una faida? Martin Wambora wa Embu aliondolewa 2014. Akarudi kwa amri ya mahakama, na mwaka 2017 wananchi wakamchagua tena. Kawira Mwangaza wa Meru alipitishiwa hoja na bunge la kaunti yake 2022 na tena 2023, akaponea Seneti mara zote mbili. Mara ya tatu, 2024, Seneti ilikubali aondoke, na Mahakama Kuu ikathibitisha 2025. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa 2020 kwa njia hiyo hiyo. Basi asiseme mtu kwamba sheria inawakinga wakosaji.

Wajumbe wachache wanaweza kusukumwa na chuki, au na bahasha. Ndiyo maana neno lao lisiwe la mwisho.

Wasikilizaji wangu, siwatetei magavana. Natetea kura ya mama aliyepanga foleni tangu alfajiri. Kura hiyo ikibidi kufutwa, na ifutwe mchana, kwa ushahidi, naye akisikia. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwaherini mpaka juma lijalo.