Ulimwengu Unaomfunza Mtoto Ndio Sisi

(Haya ni maneno ya mfanyakazi wa jamii wa parokia mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Mwea. Tumeyachapisha jinsi yalivyosemwa, ila tumeyafupisha kidogo.)



Mwenyekiti aliponialika aliniambia nizungumze juu ya vijana. Halafu akaongeza, "Utuambie tufanye nini, maana tumechoka." Neno hilo, tumechoka, nimelisikia karibu katika kila kikundi nilichotembelea mwaka huu. Mnasema vijana hawasikii. Mnasema wanatafuna muguka tangu asubuhi, na pesa wanazopata kwa kubeba mpunga kwa pikipiki zinaisha kabla ya jua kutua. Sitasema mnadanganya, kwa sababu nami nayaona. Lakini kabla hatujaendelea nina swali moja, na kila mtu ajijibu moyoni mwake. Je, kuna kijana yeyote, asiye mtoto wako wa kuzaa, ambaye unajua kwa hakika jana alilala wapi na leo anafanya nini?

Naona wengi mnaangalia chini. Msione haya. Mimi nilipoulizwa swali kama hilo niliangalia chini vilevile, na hii ndiyo kazi yangu.

Acha niwaambie kosa langu. Nilikuwa nimemaliza diploma tu, nina bidii nyingi na faili nyingi. Kulikuwa na kijana mmoja aliyemaliza darasa la nane, mama yake amefariki, anaishi na nyanya yake. Niliandika ripoti nzuri. Nikampatia mfadhili, akajifunza useremala, na alipomaliza tukamnunulia vifaa: randa, msumeno, patasi, nyundo. Tulipiga picha pamoja naye akiwa amekumbatia lile sanduku. Nikafunga faili.

Baada ya miezi minane hivi nilipita sokoni, na nikakutana na ile randa kabla sijakutana na mwenyewe. Ilikuwa inauzwa. Kijana nilimpata akipakia magunia kwenye kinu cha mpunga, amelewa mchana. Nilimkaripia. Nilimwambia, "Tulikupa kila kitu!" Akanijibu polepole, "Madam, siku niliyoharibu kabati ya mtu sikuwa na wa kumwuliza. Nikikosea hakuna anayejua, na nikifaulu hakuna anayejua."

Ndugu zangu, nilienda nyumbani nikiwa mdogo kama piritoni. Nilikuwa nimempa kila kitu isipokuwa mtu.

Sasa sikilizeni kisa cha pili, cha miaka hiyohiyo. Msichana wa kidato cha pili alipata mimba. Kwao walikasirika, wakamwambia asikae pale. Fundi mmoja wa cherehani pale sokoni, mama ambaye yeye mwenyewe hakupita darasa la saba, alimwambia, "Wewe njoo ukae hapa kando yangu, ushone vifungo." Hakuwa na mradi wala mfadhili. Kila jioni alimwuliza, "Leo umejifunza nini?" Alimpeleka kliniki. Waligombana pia, na mara mbili msichana aliondoka kwa hasira, na mara mbili kiti chake kilibaki palepale mpaka akarudi. Mtoto alipozaliwa na kukua kidogo, huyo mama alifunga kibanda siku nzima, akatembea naye mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Sera ya serikali ya kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni ilikuwako tangu mwaka 1994. Lakini karatasi haimshiki mtu mkono na kumpeleka hadi mlangoni. Msichana yule alimaliza kidato cha nne, akishona wakati wa likizo, na leo ana cherehani yake na wanafunzi wawili.

Ukilinganisha visa hivi viwili, pesa nyingi ziliingia katika kile cha kwanza. Tofauti ni kwamba mmoja alipewa vifaa na mwingine alipewa mlezi.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee waliopo hapa wanajua kwamba kwa Wakikuyu kijana hakuingia jandoni peke yake. Alikuwa na mutiri, mtu wa kumsimamia siku ya kisu na kumfunza wakati kidonda kikipona. Mutiri hakuwa baba yake. Kulikuwa na maana hapo, kwa sababu yako maneno ambayo kijana hawezi kumwambia baba wala baba hawezi kumwambia kijana. Siku hizi ikifika Desemba tunawapeleka wavulana hospitali, tunalipa, na kazi ya mutiri mara nyingi tunamwachia kijana aliyetahiriwa juzi tu. Halafu tunashangaa tukisikia wavulana wamepigwa au wamefundishwa pombe wakiwa bado wanauguza kidonda. Kisu tulikilipia, lakini mafunzo tuliyaacha njiani.

Tutazame pia mahali pengine hapahapa Kenya. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ayalandi kuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alianza kwa kukaa na vijana uwanjani na kuwaangalia. Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1500 kule Seoul mwaka 1988, alipitia mikononi mwake. Baadaye akaanza pia kuwafunza wasichana, na Janeth Jepkosgei akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007. David Rudisha alimfikia akiwa mvulana wa shule, na mwaka 2012 mjini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Watu husema ni hewa ya milimani. Basi, hewa hiyo ilikuwako siku zote. Ilihitajika pia subira ya mtu mzima anayerudi uwanjani kesho na kesho kutwa.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa habari ya kisiwa cha Kauai, kule Hawaii. Mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, tangu kuzaliwa mpaka wakawa watu wazima. Baadhi walianza maisha katika umaskini, ugomvi wa nyumbani, ulevi na magonjwa. Wengi kati ya hao walipata matatizo, lakini theluthi moja walikua watu wema, wenye kujitegemea. Mojawapo ya mambo yaliyowasaidia ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali kwa dhati: nyanya, mjomba, mwalimu au jirani.

Sasa tuje kwa kazi yetu. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunalisema kama tisho. Lakini huo ulimwengu ni nani? Ni mwenye duka, mwenye kinu, fundi wa pikipiki, jirani. Ulimwengu ndio sisi. Tukinyamaza, atafunzwa na yule asiyenyamaza, yule anayeuza muguka na pombe kando ya barabara.

Naomba kila kikundi kifanye mambo matano.

Kwanza, chagueni walezi wawili au watatu kati yenu. Msichague matajiri wala wasemaji hodari. Chagueni watu wanaotunza ahadi. Mlezi mmoja asichukue zaidi ya vijana wawili.

Pili, mzazi ajulishwe na akubali, na kijana mwenyewe akubali. Hatuendi kumnyang'anya mtu mtoto wake. Mkono mmoja haulei mwana, nasi tunaongeza wa pili tu.

Tatu, wakutane mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima, hata nusu saa, na ikiwezekana wakiwa kazini: shambani, kwenye karakana, kibandani. Kijana huzungumza vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Na mlezi aulize zaidi kuliko kuhubiri. "Leo umejifunza nini?" lilimtosha yule mama.

Nne, na hapa msinielewe vibaya, tuwalinde watoto. Si kila mtu mzima anayemkaribia kijana ana nia njema. Wakutane mahali pa wazi, mchana, si ndani ya nyumba mlango umefungwa. Wasichana walelewe na akina mama. Kikundi kiwe na daftari la kuandika nani anamlea nani. Mtu akionekana kumtumia mtoto vibaya, jambo hilo lisimalizwe kwa mbuzi na wazee chini ya mti. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 ipo. Ripotini polisi au kwa afisa wa watoto, au pigeni simu 116, ambayo hailipiwi.

Tano, mkopo ufuate mlezi. Kijana akitaka pesa za kikundi kununua vifaa, awe kwanza amekaa na mlezi wake, na mlezi aje naye kwenye mkutano. Kama ni fundi, mlezi amsukume afanye mtihani wa ufundi wa serikali. Najua mafundi wengi hodari hapa ambao hukosa kandarasi kwa sababu hawana hicho cheti.

Mtaniambia, "Sisi hatukusoma." Yule fundi wa cherehani naye hakusoma. Mtaniambia hamna wakati. Nusu saa kwa wiki ni pungufu ya muda tunaopoteza tukingoja mkutano uanze! (Kicheko.) Mtaniambia kijana atawaangusha. Ndiyo, atawaangusha, pengine mara mbili. Kiti chake kibaki palepale.

Nanyi vijana wa kule nyuma, msingoje kuchaguliwa. Kama kuna mtu hapa unayependa kazi yake, mwendee umwambie, "Naomba nikae karibu nawe nijifunze." Ni wachache watakaokataa.

Nimalizie kwa yule kijana wa randa. Sasa ni mtu mzima, bado anafanya kazi kule kinuni. Pombe amepunguza, lakini useremala hakuurudia, na miaka ile haiwezi kurudishwa. Mwaka jana alikuja ofisini akiwa na mvulana, mtoto wa dada yake, aliyekuwa ameacha shule. Nikatoa kalamu niandike mahitaji yake kama nilivyozoea. Akaniambia, "Madam, huyu usimnunulie randa. Mtafutie mtu."

Nimekuja kumtafuta huyo mtu hapa. Mkutano ujao, kila katibu alete majina.