Tairi la Nyuma Likiisha Upande Mmoja, Msianze na Dereva

Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wengine mlidhani leo tutaleta somo la mbolea kama kawaida. Mbolea itangoja. Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: kwa nini pikapu ya kikundi inakula matairi ya nyuma, hali yale ya mbele yako sawa?

Tuanze na kikundi kimoja cha upande wa Kiminini. Jina tutaliacha. Pikapu yao hubeba mahindi mpaka Bungoma kupitia Kamukuywa na Webuye, na hurudi na bidhaa za duka. Tairi la nyuma la kushoto liliisha ukingo wa ndani mpaka waya zikaonekana, na ukingo wa nje bado ni mpya. Wakanunua lingine, nalo likaenda njia ile ile. Basi maneno yakaanza. Ati dereva anauza tairi zuri mjini na kufunga kuukuu. Kamati ikaitwa ili afukuzwe. Huyu kijana ana watoto, na tena ni mwanachama, hisa zake zimo ndani ya hilo gari. Kabla barua haijaandikwa, mama mweka hazina akasema gari lipimwe kwanza. Tulikwenda na mbao mbili zilizonyooka, futi ya kupimia, na timazi ya fundi wa nyumba. Mashine hatukuwa nayo.

Kabla ya kuwaambia tulichokiona, tuelewane juu ya alama, maana tairi lenyewe husema. Likiisha katikati, limejazwa upepo kupita kiasi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likiwa na mabonde mabonde, tazameni shokomzoba na balansi ya gurudumu. Lakini likiisha ukingo mmoja tu, gurudumu hilo ama halisimami wima, ama halitazami mbele sawasawa. Pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea ndani, kisha urudi nje. Ukisikia laini kwenda na meno kama ya msumeno kurudi, tairi linaburutwa kwa upande huku likizunguka. Waya zikishatokea msijaribu kwa mkono, zitawakata. Ni sawa na mtu ambaye mguu wake mmoja unatazama nje: sokoni atafika, lakini soli ya kiatu itaisha upande.

Sasa wengi wetu tukiona hivyo hukimbilia gereji kufanya alaimenti. Mara nyingi hiyo ni ya magurudumu ya mbele tu. Pikapu nyingi tulizo nazo huku zina ekseli moja ngumu nyuma, imekaa na springi za majani na kukazwa kwa boliti zenye umbo la U. Huko nyuma hakuna mahali pa kuzungusha spana ili gurudumu linyooke. Likikosa kunyooka, kuna kitu kimepinda, kimelegea au kimekatika, na lazima kitafutwe. Wapo pia wanaobadilisha tu, la nyuma liende mbele na la mbele lirudi nyuma. Hiyo husambaza ugonjwa kwa matairi yote manne, na ushahidi unapotea. Kama mnabadilisha, andikeni kwenye kitabu cha gari tairi gani lilikuwa wapi.

Kupima ni hivi. Tafuteni sakafu ya saruji iliyo sawa. Ya shule au ya kanisa hutosha, ombeni ruhusa tu. Jazeni upepo sawa pande zote mbili, gari likiwa halina mzigo. Lisukumeni mbele mita chache ili springi zitulie, usukani ukiwa umenyooka. Kwanza pimeni kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 5 hivi, ekseli imesogea. (Wazee wenye Renault 4 msitishike: gari lile lilitoka kiwandani upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine karibu sentimita 5. Kwa pikapu zetu si hivyo.)

Pili, wekeni timazi kando ya gurudumu la nyuma, uzi upite mbele ya rimu. Pimeni kutoka uzi mpaka rimu juu, na tena chini. Kwa ekseli ngumu vipimo hivyo viwe sawa au karibu sana. Tatu, lazeni ubao juu ya matofali ukiegemea uso wa nje wa kila tairi la nyuma, juu kidogo ya lile tumbo la tairi linalogusa chini. Pimeni nafasi kati ya mbao mbili mbele ya matairi, kisha nyuma yake. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2 au 3, kuna kasoro. Halafu sukumeni gari ili gurudumu ligeuke nusu mzunguko, mpime tena. Kasoro ikihama pamoja na gurudumu, rimu ndiyo iliyopinda, na hiyo ni nafuu kubwa. Mwisho, inueni gurudumu kwa jeki mlitikise. Likicheza, beringi imechoka.

Kwa wale wa Kiminini, upande wa kulia timazi haikuonyesha kosa. Kushoto, juu ya rimu palikuwa ndani kuliko chini kwa milimita 6. Tukageuza gurudumu, kipimo hakikubadilika. Beringi ilikuwa nzima. Bomba la ekseli lilikuwa limepinda.

Na bomba hupindwa na nini? Mzigo hukandamiza katikati, pale springi zilipokaa, na barabara husukuma magurudumu juu kwenye ncha. Mkiongeza shimo moja la ghafla, chuma kinainama na magurudumu yanaegemea ndani. Pikapu ya tani moja ni kilo 1,000. Magunia 11 ya kilo 90 ni kilo 990, na hapo hatujamhesabu taniboi wala kina mama wawili waliokaa juu. Kikundi hiki kilikuwa kinapakia magunia 20, yaani kilo 1,800. Nani aliamua 20? Tulifungua kitabu cha mikutano na imo: kamati ilipitisha, ili safari nne ziwe mbili. Dereva alikuwa amekataa mara moja, akaambiwa ni mvivu.

Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya wanachama wote. Si jambo rahisi kwa mzee, nasi tunamheshimu kwa hilo. Waliponunua bomba lingine lililotumika, walilipima kwa uzi kabla ya kulipa. Kama fundi atawanyooshea la zamani, anyooshe kwa presi bila moto. Chuma kilichopashwa gesi mpaka kikawa chekundu hupungukiwa na nguvu, na ekseli ikivunjika mteremkoni hakuna wa kumwuliza.

Kuna kasoro nyingine ambayo tumeiona upande wa Chwele. Gari linatembea kama kaa: ukilifuata nyuma unaona ubavu wake mmoja, na dereva ameshika usukani umepinda ingawa barabara imenyooka. Hapo ekseli nzima imehama. Tazameni boliti ya katikati ya springi, ile ambayo kichwa chake hukaa ndani ya tundu la ekseli. Boliti za U zikilegea, hiyo ndogo hubeba kazi yote na hukatika. Vumbi la kutu au chuma kinachong'aa kati ya springi na kiti chake ndiyo dalili. Wekeni boliti ya katikati mpya na boliti za U mpya, msichomelee za zamani. Kazeni kwa zamu, mshazari, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na mkaze tena baada ya kilomita 500. Watu husahau huku kukaza kwa pili, kisha wanasema fundi aliwaibia.

Magari madogo kama Subaru ni habari nyingine. Kila gurudumu la nyuma linajitegemea, na lina boliti ya kurekebishia. Hayo pelekeni gereji yenye mashine ya kupima magurudumu yote manne, na mwombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Bushi zilizochoka zibadilishwe kwanza, la sivyo mtalipia alaimenti ya wiki moja.

Jambo la jeki hatutalipita. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala kwa mawe. Wekeni magogo mapana au stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki yawekewe vizuizi.

Mbao zile mbili na timazi ziko ofisini kwetu. Kikundi chochote kinaweza kuazima bila malipo. Andikeni jina kwenye daftari la mlangoni na mzirudishe jioni, kwa maana timazi ni ya fundi wa nyumba na ana kazi kesho.