Tamaa na Mamlaka: Somo la Tamari



Mara nyingi waamini huuliza kama inafaa Mkristo atazame filamu za mapenzi, zile zinazoonyesha mambo ya faragha ya mwanamume na mwanamke. Jibu lililozoeleka hutaja uchi na uasherati, kisha huishia hapo. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Katika filamu za namna hiyo tamaa haiendi peke yake. Huandamana na mamlaka. Anayeichunguza tamaa tu huweza kuipita dhambi iliyo kubwa zaidi bila kuiona. Ndiyo maana leo napenda tuitafakari filamu moja iliyojulikana ulimwenguni kote.

Filamu hiyo ni Last Tango in Paris, iliyotolewa mwaka 1972. Mwongozaji wake alikuwa Bernardo Bertolucci wa Italia. Waigizaji wakuu walikuwa wawili: Marlon Brando wa Marekani, mwanamume wa miaka 47 aliyekuwa na sifa kubwa kupita wengi wa zama zake, na Maria Schneider wa Ufaransa, msichana wa miaka 19 ambaye jina lake lilikuwa bado halijulikani.

Hadithi yenyewe ni hii. Paul, Mmarekani aliyefiwa na mkewe aliyejiua, anakutana na Jeanne, msichana mwenye mchumba, katika nyumba tupu inayongoja mpangaji jijini Paris. Wanaanza kukutana humo kimwili, hali hawajuani. Paul anaweka sharti: wasitajiane majina, wala wasiulizane habari za maisha yao. Yeye ndiye atungaye sheria, na msichana ndiye azifuataye. Mwishoni Paul mwenyewe analivunja sharti lake. Anamfuatia Jeanne hadi kwa mama yake, anamwambia kwamba anampenda na kwamba anataka kulijua jina lake. Jeanne analitaja jina, kisha anampiga risasi.

Ndugu zangu, sharti lile la majina lastahili kufikiriwa. Anayemnyima mwenzake jina humnyima pia ukoo, historia na mahali pa kusimama. Hubaki mwili tu, na mwili usio na jina hutumiwa kama chombo. Bwana wetu hatendi hivyo. Asubuhi ya Ufufuko Maria Magdalena alimdhania kuwa mtunza bustani. Akamtambua pale tu alipoitwa kwa jina lake.

Sasa tutoke ndani ya hadithi, tuwaendee watu walioiigiza. Nchini Italia filamu ilishtakiwa kwa ajili ya uchafu. Mwaka 1976 mahakama ya juu iliamuru nakala zake ziharibiwe, naye Bertolucci akapokonywa haki zake za kiraia kwa muda wa miaka 5. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1987. Kwa miaka mingi, basi, watu walishindana juu ya yale yaliyoonwa na macho ya watazamaji. Yale yaliyompata msichana wakati kamera ikifanya kazi hayakuwa ndiyo shauri lililobishaniwa.

Nayo yalikuwa haya. Mna tukio moja katika filamu ambamo Paul anamwingilia Jeanne kwa nguvu. Asubuhi ya siku ya kulipiga picha, Bertolucci na Brando walikubaliana wao wawili jinsi tukio hilo litakavyofanywa kwa kutumia siagi, bila kumshirikisha Maria. Mwaka 2007 Maria alieleza kwamba aliambiwa muda mfupi tu kabla ya kuanza, na kwamba alikasirika. Alisema angaliweza kumwita wakala wake au mwanasheria, lakini kwa umri wake hakujua kwamba ana haki hiyo. Kitendo chenyewe kilikuwa cha kuigiza. Machozi, alisema, yalikuwa ya kweli. Alijiona amedhalilishwa na wanaume wale wawili.

Mwaka 2013 Bertolucci alikiri kwamba alimficha jambo lile kwa makusudi, kwa kuwa alitaka aonyeshe fedheha ya msichana na siyo ufundi wa mwigizaji. Alisema aliona hatia, ila hakujutia. Mwaka 2016 aliongeza kwamba Maria aliujua ukatili wa tukio tangu mwanzo, na kilichofichwa kilikuwa ile siagi tu. Lakini wakati huo Maria hakuwapo tena kumjibu, maana alifariki mwaka 2011. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Wapendwa, tukio hili si geni katika Maandiko Matakatifu. Fungueni Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni, mwana wa mfalme Daudi, alimtamani Tamari, dada yake kwa baba. Naye Amnoni alikuwa na rafiki mwerevu, Yonadabu, aliyemfundisha hila: ajifanye mgonjwa, aombe Tamari aje kumwandalia chakula mbele ya macho yake. Wanaume wawili wakafanya shauri, na yule aliyehusika kuliko wote hakuambiwa neno. Tamari alikwenda kwa wema, akakanda unga, akaoka mikate. Amnoni akawatoa watu wote nje. Tamari alikataa kwa maneno ya hekima, akataja aibu yake na aibu ya Amnoni pia. Lakini Amnoni alikuwa na nguvu kumshinda. Baada ya hapo akamchukia kupita alivyompenda, akaamuru atolewe nje na mlango ufungwe nyuma yake.

Kutokana na masimulizi haya mawili tujifunze mambo matatu.

La kwanza, ridhaa haipatikani kwa hila. Wako wasemao kwamba sanaa hudai ukweli, na kwamba Maria alikubali mwenyewe kuigiza katika filamu ya namna ile. Tuwajibu kwa upole. Aliyekubali jambo moja hajakubali yote. Tamari alikubali kuoka mikate, hakukubali lililofuata. Tena, kazi ya mwigizaji ni kuigiza. Anayetafuta machozi ya kweli kwa kumdanganya mwigizaji ameacha sanaa, ameshika udhalimu.

La pili, mamlaka huongeza uzito wa tamaa. Mwongozaji alikuwa bosi wa kazi, Brando alikuwa mtu mwenye sifa, na Maria alikuwa mgeni katika fani. Mnyonge akinyamaza mbele ya mkubwa, ukimya wake si ndiyo. Jambo hili haliko Paris peke yake. Mwalimu na mwanafunzi wake, mwajiri na mtumishi wa nyumbani, kiongozi wa kwaya na mwimbaji, hata katekista na mkatekumeni wake: kote huko mmoja ana ufunguo wa mlango na mwingine hana. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ilimtaja mwenye mamlaka adaiye ngono kama sharti la kutoa kazi au haki kuwa mkosaji. Sheria ya nchi imeliona hilo. Itakuwaje dhamiri ya Mkristo isilione?

La tatu, wakubwa wanaonyamaza wana sehemu yao. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Daudi alighadhibika sana, lakini hatusomi kwamba alimhukumu mwanawe. Tamari akabaki katika ukiwa nyumbani mwa kaka yake, na baada ya miaka 2 nyumba ile ililia msiba, kwa kuwa haki iliyokataliwa iligeuka kisasi. Hata Maria hakukaa kimya maisha yake yote. Alipita katika miaka migumu ya dawa za kulevya, lakini baadaye alikataa kuigiza uchi, akayasema wazi yaliyompata. Watu wengi walimsikiliza kwa makini baada ya mwongozaji mwenyewe kukiri. Kwa nini neno la aliyeumizwa lingoje kuthibitishwa na aliyemwumiza?

Hata hivyo tusikate tamaa. Mwaka 2018 shirika la televisheni la HBO huko Marekani liliamua kwamba filamu zake zenye matukio ya faragha ziwe na mtu maalumu wa kusimamia, ili waigizaji wajue mapema kila kitakachofanyika na wakubaliane nacho. Mwezi Desemba 2024 jumba la kuhifadhi filamu la Ufaransa, Cinémathèque, lilifuta onyesho la filamu hii kufuatia malalamiko ya watetezi wa wanawake. Mwaka huo huo ilitolewa filamu nyingine, iliyoyasimulia maisha ya Maria kwa upande wake mwenyewe. Imechukua zaidi ya miaka 50, lakini macho yamegeuka kumtazama yule aliyesahauliwa.

Basi, enyi wazazi na makatekista, vijana wakiwauliza habari za filamu za mapenzi, msiishie kusema ni mbaya. Waulizeni: katika hadithi hii nani anaamua? Nani anaweza kusema hapana, na akisema, nani anamsikia? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo mbele ya picha atajua kuuliza hivyo pia siku atakapoitwa ofisini peke yake, au siku yeye mwenyewe atakapokuwa na ufunguo mkononi. Na ikitokea binti au kijana akaja kwenu akilia, msimwambie anyamaze kama Absalomu alivyosema. Kaeni naye, mwiteni kwa jina lake, mwaminini, na mfuatane naye hadi mahali haki inapotolewa.

Mwenyezi Mungu, anayemjua kila mtu kwa jina, awajalie ujasiri huo. Awabariki ninyi na nyumba zenu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.