Mpira Unataka Komite
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wachezaji na wenyeji wa Lubondja)



Tutazame ng'ambo ya ziwa. Burundi ni nchi ndogo. Shirikisho lake la mpira lilianzishwa mwaka 1948, likaingia FIFA mwaka 1972. Tangu 2004 hata 2013 liliongozwa na Bibi Lydia Nsekera. Tarehe 23 Machi 2019, pale Bujumbura, walitoka sare 1-1 na Gabon, wakafuzu Kombe la Afrika mara ya kwanza, wala hawakushindwa mchezo hata mmoja wa kufuzu. Kule Misri walishindwa mara tatu, bila bao. Lakini walifika.

Na sisi je? Vijana wetu wa mashimo wana miguu na nguvu. Tunalokosa ni daftari. Fedha ya kiingilio inakusanywa, inakolala hapajulikani. Refa anapigwa, hakuna wa kuamua. Sisi makarani tunaandika kila gramu ya dhahabu, mpira wetu hatuuandiki!

Basi, Jumapili tuchague komite kwa kura: mwenyekiti, karani, mtunza fedha, na akina mama wawemo. Hesabu isomwe mbele ya wote. Asiyeweza kulinda sanduku la mpira, nchi atailindaje?