Jiwe Lageukaje Kuwa Chuma?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowatatiza wanafunzi wengi wa kemia, nalo ni kulitambua badiliko lizaalo kitu kipya, na kulitenga na badiliko la umbo tu.

Maji yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukipoa hurudi kuwa maji. Hapo hapakuzaliwa kitu kipya. Walakini kuni zikiisha kuungua, hakuna awezaye kuyageuza majivu na moshi kuwa kuni tena. Hilo ndilo badiliko la kemia. Dalili zake ni kama kugeuka rangi, kutoa joto, kutoa mapovu au harufu mpya. Lakini dalili zaweza kudanganya, maana hata maji yachemkayo hutoa mapovu. Basi yatupasa kuuliza: ni kitu gani kimeungana na kipi, na kipi kimeachana na kipi?

Tutwae mfano wa kwetu. Katika nchi ya Biharamulo walikuwako Warongo, mafundi mashuhuri wa kutoa chuma. Walitia mawe ya chuma na makaa ya miti katika tanuru, wakavukuta kwa mivukuto. Wengi hudhani kwamba moto uliyeyusha tu chuma kilichojificha ndani ya jiwe. Sivyo. Jiwe hilo likichomwa hewani bila makaa, hubaki jiwe. Nalo ni kampaundi, yaani chuma na oksijeni vilivyoungana kwa kipimo kisichobadilika: ratli 100 za hematiti safi, lile jiwe la chuma jekundu, zina ratli 70 za chuma na 30 za oksijeni. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo hulinyang'anya jiwe oksijeni yake, na chuma husalia. Tena jembe likiachwa mvuani, chuma huungana upya na oksijeni na maji, tukaona kutu.

Sasa sikilizeni vema. Gesi ile ile hutoka katika jiko la makaa nyumbani. Usiku wa baridi katika vilima vya Ngara, mtu aweza kuingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Makaa yaliyoshika vizuri hayana moshi, kwa hiyo hudhani amesalimika. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni, na waliolala huenda wasiamke. Hapa macho na pua havifai kitu. Mlinzi ni elimu.

Kwa hiyo jiko la makaa lisiwekwe kamwe chumbani mwa kulala. Watu wakiumwa kichwa na kushikwa na kizunguzungu penye jiko, watoeni nje upesi wapate hewa safi, mkawapeleke hospitali. Nasi walimu tusiwakaririshe watoto majina ya gesi tu. Tuwafundishe kuuliza moto umetoa nini.