Haki za Kazi kwa Asiye na Chama

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haimdai mfanyakazi kadi ya chama cha wafanyakazi. Saa za kazi, likizo, notisi na kinga dhidi ya kufukuzwa kiholela humhusu mwajiriwa wa sekta binafsi awe mwanachama au la. Tofauti iko kwenye msaada. Mwanachama wa TUICO au CHODAWU ana kiongozi wa tawi wa kumkimbilia. Muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi lenye wafanyakazi watano hana. Wengi wa namna hiyo huishia kwenye vituo vya msaada wa kisheria, na vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, mtu wa kwanza kuwasikiliza huko huwa mara nyingi mwanafunzi wa sheria aliye katika mafunzo kwa vitendo, maarufu kama field.

Mwanafunzi huyo si wakili. Mbele yake bado kuna shahada, mafunzo ya uwakili na kuapishwa. Kwa hiyo hufanya kazi chini ya wakili wa kituo, hamwahidi mtu ushindi, na hatozi hata shilingi, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka huduma hiyo itolewe bure. Kazi yake ni kusikiliza, kupanga matukio kwa tarehe, kusoma nyaraka, kupiga hesabu ya stahili na kusaidia kujaza fomu.

Jambo la kwanza analotafuta ni kama aliye mbele yake ni mwajiriwa. Wengi huanza kwa kujishusha: “Mimi kibarua tu, sina mkataba.” Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 haiishii kwenye jina. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa dalili mojawapo ipo: anapangiwa namna au saa za kufanya kazi, anapewa vitendea kazi, anamtegemea bosi wake kwa kipato, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Karatasi ikikosekana pia, mzigo unahamia upande wa pili. Kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, yeye ndiye atakayepaswa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Hapo simu ya mfanyakazi inakuwa na thamani. Ujumbe wa M-Pesa wa kila mwisho wa mwezi, picha ya daftari la mahudhurio na taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF husimulia ajira ambayo haikuandikwa popote.

Kisha huja viwango. Wiki ya kazi ya kawaida haizidi saa 45, wala siku haizidi saa 9. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya sikukuu mara mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Malalamiko ya madukani mara nyingi huhusu shoti, yaani upungufu wa fedha au mali unaokatwa kwenye mshahara. Makato hayo ni halali ikiwa tu kosa ni la mfanyakazi, ameelezwa kwa maandishi, amepewa nafasi ya kupinga na amekubali kwa maandishi. Hata hivyo hayapaswi kuvuka robo ya ujira.

Kuachishwa kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, na wa kuthibitisha yote mawili ni mwajiri. Asiyefikisha miezi 6 kazini hana kinga hii. Kwenye kikao cha nidhamu, asiye na chama anaweza kuingia na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia, na apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo, mwajiri akivunja ajira bila yeye kuwa na kosa la nidhamu, kwa kawaida hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa mfano, muuzaji anayelipwa shilingi 260,000 kwa mwezi, akifanya kazi siku 6 kwa wiki, siku yake moja ni shilingi 10,000. Kama amekaa miaka 3 na miezi 4, huhesabiwa miaka 3 tu: siku 21, sawa na shilingi 210,000. Mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua huhesabiwa kando.

Hesabu zote hizi hazina maana muda ukipita. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda, na lazima awe na sababu ya msingi. Ahadi za bosi za “njoo wiki ijayo” ni utetezi dhaifu. Tume huanza kwa usuluhishi. Ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa Tume, ana wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie upya. Mfanyakazi anaweza kusimama mwenyewe mbele ya Tume, au kuwakilishwa na wakili au mwakilishi aliyemchagua.

Viwango hivi ni vya chini kabisa. Mshahara mnono zaidi, posho ya usafiri au bima ya afya hupatikana kwa majadiliano, na anayejadiliana peke yake ana nguvu kidogo. Sheria inaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama, na kumfukuza mtu kwa sababu amejiunga na chama ni kosa.