Sare, Daftari na Mlango wa Mgonjwa
Mada kwa semina ya viongozi wa vyama vya kitume, ngazi ya parokia



Nimeombwa nizungumzie udugu na huduma ya upendo katika vyama vyetu. Ratiba imeyaweka mambo haya mawili pamoja kana kwamba yanapatana siku zote. Kwa ninavyoona mimi, ni ndugu wanaovutana shuka moja. Fedha ya mwanachama ni ile ile na Jumamosi yake ni ile ile. Ikienda kwenye sare mpya, basi la hija, chakula cha sikukuu ya somo na zawadi ya kumpongeza kiongozi, haitafika kwa mzee aliyelala na kidonda nyuma ya soko. Lakini hilo kila mtu analijua. Ninalotaka tulitazame ni lingine: chama ambacho udugu wake una gharama kubwa kimeshamtoa maskini nje kabla hakijaanza kumhudumia. Kisha kinatoka kwenda kumtafuta kikiwa na kilo mbili za sukari.

Naomba twende kwanza mbali kidogo, Paris ya mwaka 1833. Mwaka uliotangulia kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu mjini humo, na waliokufa zaidi walikuwa wa mitaa ya wafanyakazi. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea sheria, Frédéric Ozanam, alikuwa akishiriki midahalo ya wanafunzi kuhusu historia na dini. Huko Wakatoliki walichokozwa: Kanisa lenu lilifanya makubwa zamani, leo mnafanya nini? Ozanam na wenzake hawakuandika makala ya kujibu. Tarehe 23 Aprili, siku aliyotimiza miaka 20, walikutana wanafunzi wachache pamoja na mtu mzima mmoja, Emmanuel Bailly, mchapishaji wa gazeti. Hawakuwa wakiwajua maskini wa mji wao, kwa hiyo walikwenda kwa Sista Rosalie Rendu, Binti wa Upendo aliyekuwa akihudumu mtaa wa Mouffetard. Sista aliwapa majina ya familia, akawapa na vyeti vya kuchukulia mkate, akawaeleza namna ya kuingia katika nyumba ya mtu bila kumwaibisha. Wanafunzi hawakuwa na fedha. Miguu walikuwa nayo.

Hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kimeenea mabara yote na kina matawi hata katika parokia za kwetu. Ozanam alifariki mwaka 1853 akiwa na miaka 40, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1997. Sifa zake tuziache kwa siku ya sikukuu. Leo tuangalie taratibu walizojiwekea, maana ndani yake mna akili nyingi kuliko inavyoonekana.

Wanakwenda nyumbani kwa mtu, wawili wawili. Kwenda wawili kunamlinda anayetembelewa, kunawalinda wanaotembelea, na kunazuia msaada usigeuke kuwa mali ya mtu mmoja: "yule ni mgonjwa wangu." Utaratibu wa pili ni mfuko wa siri. Katika kila kikao mfuko unazungushwa, kila mmoja anatia mkono ndani, na hakuna anayejua nani ametia nini. Mwenye elfu hamsini anatia mkono na asiye na kitu anatia mkono. Mikono yote inatoka mitupu. Na utaratibu wa tatu ni kwamba fedha ya maskini hailimbikizwi. Imeingia, itoke.

Linganisheni mfuko ule na daftari letu. Kwetu katibu anasimama mwisho wa kikao na kusoma: fulani amekamilisha, fulani amepunguza, fulani bado. Nia ni njema, uwazi, na nani atapinga uwazi? Ila kinachosikika masikioni mwa mama anayeuza maandazi ni jina lake, mbele ya majirani, likifuatwa na "bado". Akisomwa hivyo vikao viwili, cha tatu haji. Baada ya miezi sita tunaandika kwenye taarifa kwamba ushiriki umeshuka, na tunaalika mtoa mada aje kuhamasisha.

Uwazi unaohitajika ni wa chama kwa wanachama: kiasi gani kimeingia, kimetumikaje, nani amesaini. Uwazi wa mfuko wa mtu binafsi ni jambo lingine, na si lazima mambo hayo mawili yasomwe kutoka ukurasa mmoja.

Tukumbuke pia kwamba maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walipoamua katika miaka ya 1973 na 1976 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe njia ya kulijenga Kanisa la mahali, walichagua ujirani kuwa kigezo. Unaishi hapa, wewe ni wa jumuiya hii. Hakuna fomu wala kiingilio. Vyama vya kitume ni tofauti, navyo vina haki ya kuwepo. Kanuni ya 215 ya Sheria za Kanisa inawapa waamini uhuru wa kuunda vyama kwa ajili ya huduma ya upendo au ibada. Wanawake Wakatoliki, WAWATA, wanahesabu miaka yao tangu 1972, na mtu akitaka kujua uzito wao aulize parokia yoyote nani anapika siku ya Kipaimara. Tatizo linaanza pale tabia za chama zinapohamia kwenye jumuiya, nayo ikawa na kadi, sare, viwango, na faini ya kuchelewa.

Matokeo yake tunayaona msibani. Mtu amefariki, ndugu wanakuja kwa mwenyekiti wa jumuiya kuomba utaratibu wa mazishi, na neno la kwanza wanalolisikia ni: "Huyu hakuwa anashiriki." Daftari linafunguliwa. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, mahali ambapo sitapataja, na marehemu alikuwa kibarua aliyekuwa akitoka alfajiri kila siku pamoja na Jumamosi, siku ya jumuiya. Hakuna aliyeuliza kwa nini alikuwa haonekani. Ndugu zangu, swali hilo lilipaswa kuulizwa miaka miwili kabla, mlangoni kwake, na watu wawili waliotumwa.

Kuhusu sare nitasema kidogo, kwa sababu najua mapambano. Sare inaondoa tofauti ya nguo, na mwenye gauni moja hajulikani akiwa ndani ya kitenge cha wote. Hoja hiyo ni ya kweli kama sare inadumu. Ikibadilika kila jubilei, kila hija na kila ugeni wa askofu, inakuwa kinyume chake: tunamtambua asiye na uwezo kwa kitenge chake cha mwaka juzi. Chama kikitaka kitenge kipya, kiamue kwanza nani ataninunulia mimi nisiye nacho, na kiamue bila kunitaja.

Mtume Paulo alikutana na jambo la aina hii Korintho. Waamini walikusanyika kwa chakula cha pamoja, wenye nacho wakatangulia kula na kunywa, wengine wakabaki na njaa. Aliwakaripia vikali, akawaambia kwamba kile walichokuwa wakila hakikuwa chakula cha Bwana. Mjue kwamba hakuwa akiwasema watu waliokataa kutoa msaada. Aliwasema juu ya namna walivyokaa mezani.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Hapa kwetu imezoea sura moja: Kwaresima inapokaribia kwisha, au siku ya somo, tunakusanya mchele, sabuni, sukari na mafuta, tunakodi gari, tunakwenda kituo cha watoto yatima, tunaimba, tunakabidhi, tunapiga picha, tunarudi. Sisemi ni vibaya. Watoto wale wanakula mchele ule. Lakini kituo kina uongozi, kina wafadhili, na kiko kwenye ramani ya kila chama, kwa hiyo wiki moja kinapokea magari manne na miezi mitatu hakipokei hata moja. Wakati huohuo, nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti kuna bibi anayelea wajukuu wanne, na hayupo kwenye ratiba ya mtu yeyote kwa sababu kwake hakuna uwanja wa kuimbia.

Na picha! Mtoto ameshika sabuni, viongozi sita wamemzunguka, na kabla gari halijafika barabara ya lami picha iko kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za mtu si za kurushwarushwa hovyo, na za afya yake ni nyeti zaidi. Bwana wetu naye aliagiza sadaka itolewe kwa siri hata mkono mmoja usijue wa pili umefanya nini. Pigeni picha ya risiti. Hiyo ndiyo mhazini anaihitaji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya tarehe 18 Novemba 1965, namba ya 8, uliweka masharti mazito ambayo hatuyasomi mara nyingi. Ulitaka kwanza haki itimizwe, ili mtu asipewe kama zawadi kile ambacho tayari ni haki yake. Ulitaka visababishi vya shida viondolewe, wala si dalili zake tu, na msaada upangwe hivi kwamba anayeupokea aache taratibu kuwategemea wengine.

Tafsiri yake mtaani kwetu ni rahisi. Mzee aliyefikisha miaka 60 na hana uwezo anastahili msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Wengi hawaupati kwa sababu hawana wa kuwasindikiza: serikali ya mtaa kuchukua barua, kisha kwa afisa ustawi wa jamii, kisha dirishani, halafu kurudi kesho kwa kuwa mhusika ametoka. Kaya ambayo ingeweza kuingia katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini haina mtu wa kuisemea kwenye mkutano wa mtaa. Mjane anapokonywa kiwanja na shemeji zake, na katika UWAKA, chama cha wanaume cha parokia hiyohiyo, yumo mwanasheria ambaye kazi yake kwenye chama ni kuongoza kamati ya chakula. Wanachama wetu wastaafu, walimu, wauguzi na makarani wana kitu kinachozidi mchele: wanajua ofisi zinavyofanya kazi, na wanajua kusubiri kwenye benchi bila kutishika. Asubuhi mbili za mstaafu mmoja zinaweza kumpatia mzee matibabu ya miaka.

Hapa Legio Maria wana somo la kutufundisha, ingawa wengi huwaelewa vibaya. Mwanzilishi wao, Frank Duff wa Dublin, alikuwa mwanachama wa Vinsenti wa Paulo kabla ya kuanzisha Legio tarehe 7 Septemba 1921, na bado akaweka sheria kwamba mlejio hatoi msaada wa vitu, hata mdogo. Si ukosefu wa huruma. Alitaka mgeni anayebisha hodi asitazamwe mikononi, na nyumba ya tajiri imfungukie kama ya maskini. Edel Quinn aliyewaleta huku Afrika Mashariki mwaka 1936, akiwa tayari anaugua kifua kikuu, alizunguka miaka karibu minane hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. Hakuwa na mchele wa kugawa. Kwa hiyo tusiwalaumu Legio kwa kwenda mikono mitupu. Tuwaulize wameona nini, kisha Vinsenti wa Paulo, WAWATA au Karitasi ya parokia wapeleke kinachohitajika. Ilivyo sasa, kila chama kinafanya yote na hakuna anayemwambia mwenzake. Mgonjwa mmoja anapata wageni watatu Jumapili ya Huruma, na mwingine hapati hata mmoja.

Juu ya fedha, jambo moja la sheria ambalo kila mhazini anapaswa kulikariri. Kanuni ya 1267, ibara ya tatu: sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Fedha iliyochangwa kwa wagonjwa haikopeshwi kwa hija "tutarudisha", wala haiingizwi kwenye VICOBA ya chama izae. Kukopeshana ni kuzuri, na kumewainua wanawake wengi. Kuwe na sanduku lake.

La mwisho ni nani anaamua. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani: mgawo ulikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Katika kamati zetu za huduma, ni wangapi wamewahi kupokea msaada? Tunamweka meneja kwa sababu ana gari. Tumweke na yule mama wa maandazi, anayejua nani mtaani hajawasha jiko tangu jana.

Kwa kazi ya vikundi: kila chama kimekuja na daftari lake la mwaka uliopita, kama tulivyoombwa. Jumlisheni upande mmoja kila shilingi iliyotumika kwa ajili yetu wenyewe, na upande mwingine iliyofika kwa mtu asiye mwanachama. Kisha andikeni majina ya waliofutwa au kuacha kuja, na mbele ya kila jina andikeni nani kati yenu anapafahamu anapoishi. Pasipo jina la anayepafahamu, pangeni watu wawili na tarehe. Majumlisho mtampa katibu wa Halmashauri ya Walei kabla ya chakula cha mchana. Orodha ya majina msimpe mtu. Ibaki na wale wawili watakaokwenda.